Kengele ya Saa Nne

Bibi alikuwa na kabati la mbao lenye mguu mmoja mfupi, na ndani ya kabati lile hapakukosekana kitu. Vipande vya sabuni vilivyobaki vyembamba kama kucha alivikusanya kwenye kopo mpaka vikawa sabuni nzima. Viberiti vilivyobakiwa na njiti mbili mbili alivihamishia kwenye kimoja. Mishumaa mifupi, kamba za vifurushi, vifungo vya mashati yaliyokwisha kuwa matambara, vyote vilikuwa na pahala pake, na ufunguo ulikuwa na pahala pake pia, kwenye pindo la khanga yake. Mwanawe, fundi wa kuchomelea vyuma, alizoea kumtania kwamba siku dunia ikiisha watu watakuja kuazima nyingine kabatini kwa mama yake. Bibi hakukasirika. Alijua ni nani aliyewavusha watoto sita katika miaka ile ya dhiki, na alijua amewavusha vipi. Ukipata kitu, kikate nusu. Nusu ya leo, nusu ya siku itakayochacha.

Basi ndivyo alivyofanya na dawa ya mjukuu wake, na hapo ndipo kisa hiki kinapoanzia.

Mjukuu huyo alikuwa msichana wa miaka tisa. Nyumba nzima ilimwita Mkaguzi, kwa sababu tangu ulimi wake ulipofunguka hakuna kilichopita mbele yake bila kuulizwa kimetoka wapi na kinakwenda kufanya nini. Wageni walikaguliwa viatu. Sufuria zilifunuliwa. Daktari mwenyewe, siku ya kwanza, aliambiwa anyooshe mikono ionekane kama ameinawa, na akainyoosha. Uvimbe ulimwanza tumboni mwaka uliopita. Wakampa dawa za mishipani mara mbili, nywele zikapukutika zote, uvimbe ukanywea kidogo, halafu ukarudi kwa kishindo. Daktari wa hospitali kubwa akawaita baba na mama, akafunga mlango, akawaambia hana tena dawa ya kuuondoa. Ipo raundi ya tatu, akasema, kali kuliko zile mbili, wiki sita kitandani, lakini haoni kama itamponya, na itamnyong'onyeza sana. Wakitaka, atawashikia kitanda hadi Ijumaa ya wiki ya pili. Akawapa karatasi ya kutia sahihi, akawaambia waende wakafikiri.

Akawapa pia nesi.

Nesi huyu alikuwa mama wa makamo mwenye viatu vya raba na mkoba wa kahawia uliopasuka pembeni ukashonwa kwa uzi wa rangi nyingine. Kazi yake ilikuwa kuzunguka majumbani kwa watoto walio wagonjwa sana. Kazi hiyo iliitwa tiba shufaa. Baba alipouliza maana yake, nesi alijibu bila kuzunguka.

"Ugonjwa daktari amepigana nao. Mimi napigana na maumivu. Na mkiwa na jambo gumu la kuamua, nakaa na ninyi mpaka mliamue. Siamui mimi."

Siku hiyo aliacha chupa ya dawa ya maji, mofini, chungu kama majuto, na bomba dogo lisilo na sindano la kupimia. Ubavuni mwa chupa alibandika ukanda wa plasta akachora mistari kama ngazi. Kila siku dawa ishuke ngazi moja. Asubuhi saa kumi na mbili, saa nne, saa nane, jioni saa kumi na mbili, na ya mwisho wakati wa kulala. Mama alishinda kwenye kazi yake ya udobi, baba alishinda karakana, na mtoto alilala kitanda kimoja na bibi yake. Kwa hiyo dawa ilikabidhiwa mikononi mwa bibi, na kila mtu akaona imefika pazuri.

Tatizo ni kwamba kwenye benchi la hospitali mama mmoja aliyekaa naye alikuwa amemnong'oneza bibi, "Mofini wanapewa wale wanaoaga." Maneno hayo yalimwingia kama mwiba wa samaki. Tena dawa kali namna ile, akawaza, nikimmalizia yote sasa, siku mambo yakichacha nitampa nini? Akachemsha chupa ya zamani ya dawa ya kikohozi, akaikausha juani. Tangu siku hiyo kila saa ya dawa alivuta bomba likajaa kama alivyoagizwa, akamgeuzia mtoto mgongo pale dirishani, nusu akaimiminia kwenye chupa ya pili, nusu akampa mtoto. Chupa ya kwanza ikashuka ngazi moja kwa siku, sawasawa na mistari ya nesi. Ya pili ikapanda, nyuma ya kopo la sabuni, ndani ya kabati lililofungwa kwa kufuli.

Hakumdanganya mtu. Hakuna aliyemuuliza.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Jumatatu. Mkaguzi aliamka amejikunja, magoti kidevuni, jasho limemlowesha shingo.

"Mke mwenza, umelalaje?" bibi akamuuliza. Walikuwa wanaitana hivyo tangu babu alipokuwa hai, wakigombania nani atamkalia karibu mezani.

"Nimelalia upande mmoja. Upande mwingine umegoma."

"Tutauita kikaoni."

"Uite na tumbo." Akafumba macho. "Bibi, ni saa ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Mpaka saa nne ni mbali."

Bibi akavuta dawa, akaenda dirishani. Alitazama nusu iliyobaki kwenye bomba, akamtazama mtoto, na nusura arudishe ile aliyokwisha kuimimina. Lakini mkono uliokata nusu miaka hamsini haujifunzi jipya asubuhi moja. Alimpa nusu, akamkanda mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto, akajiambia jioni itakuwa nafuu. Jioni ya jana pia alikuwa amejiambia hivyo.

Baba aliingia amevaa nguo za kazi, harufu ya chuma kilichoungua ikatangulia mbele yake. Alisimama mlangoni, akamwangalia mwanawe aliyejikunja, akamvuta mama yake hadi sebuleni.

"Mama, si unaona mwenyewe? Hii dawa ya nyumbani haimuwezi. Wiki na nusu sasa, mtoto anaumwa kutwa. Nesi anakuja leo saa tisa. Akija namwambia tumeamua. Nasaini aende akalazwe."

"Daktari alisema haitamponya."

"Daktari alisema haoni. Kutoona si kutokuwepo." Akaitoa karatasi mfukoni, imekunjwa mpaka kingo zimechakaa. "Hapa nyumbani tunamtazama tu anavyoteseka. Kule angalau watakuwa wanafanya kitu."

Bibi alifungua kinywa. Maneno yalifika mpaka kwenye meno, yakageuka yakarudi. Mwanamke wa miaka sabini na moja, aliyeaminiwa na nyumba nzima, unaanzaje kumwambia mwanao kwamba mateso anayoyaona umeyapika wewe? Akasema, "Nenda kazini, baba. Saa tisa uwepo."

Saa tisa wote walikuwepo. Mama alikuja na mikono iliyosinyaa kwa maji na sabuni, akakaa ukingoni mwa kiti kama mtu anayesubiri kuitwa. Mkaguzi alikuwa amelala chumbani, mlango umeegeshwa. Nesi alimwamkia bibi shikamoo, akaenda kumwona mtoto kwanza, akakaa naye kitambo, akarudi uso umekunjamana.

Utaratibu wake ulikuwa ni ule ule tangu siku ya kwanza. Kila mtu aseme kitu kimoja anachokiogopa na kimoja anachokitaka, na wengine wasimkate kauli.

"Mimi nianze," akasema baba. "Naogopa kesho na keshokutwa mtu aniulize, ulimfanyia nini mwanao, nikose la kujibu. Nataka apone." Akaweka karatasi mezani, akainyoosha kwa kiganja. "Basi."

"Nimekusikia," nesi akasema. "Mama Mkaguzi?"

Mama alitazama mikono yake. "Naogopa vile anavyoumwa. Akiumwa siwezi kufikiri. Nikiwa kazini nasikia sauti yake kwenye maji. Nataka asiumwe. Akishaacha kuumwa ndiyo mniulize mengine."

Nesi akaichukua chupa iliyokuwa juu ya meza, akaiinua kwenye mwanga, akahesabu ngazi kwa ukucha. Kumi kamili, na ya kumi na moja imevuka nusu. Dawa imeshuka sawa kabisa.

"Imetolewa barabara," akasema. "Bibi, umekuwa makini. Lakini kwa hali niliyoiona mle chumbani, dozi hii haijamfikia. Sikutegemea. Nitampigia daktari leo tumwongezee, karibu mara mbili."

"Si nimesema," baba akasema. "Haimuwezi."

"Inawezekana. Ngoja tumsikie bibi. Bibi, zamu yako. Unaogopa nini?"

Mara mbili ile ilikuwa inamzunguka bibi kichwani kama nzi. Mtoto aliyezoea nusu, leo apewe mara mbili ya nzima. Na huku karatasi iko mezani inangoja kalamu, na kalamu iko mfukoni mwa mwanawe, kwa sababu ya maumivu ambayo dawa yake ilikuwepo muda wote hatua sita kutoka kitandani. Akafungua fundo la khanga. Akaenda kwenye kabati, akahamisha kopo la sabuni, akarudi na chupa ya kikohozi, akaiweka mezani kando ya ile nyingine. Ilikuwa imejaa hadi shingoni.

"Naogopa hii," akasema. "Humu mna nusu yake. Kila alipokunywa, nilimkata nusu nikaiweka. Nilidhani namwekea akiba."

Baba akasimama. Aliichukua chupa, akaiinua kwenye mwanga kama alivyofanya nesi. "Hii yote?"

"Hiyo yote."

"Mama. Jumamosi alilia tangu mchana mpaka jioni. Ulikuwa umemshika. Ilikuwa humo ndani?"

"Ilikuwa humo."

Alitoka nje. Wakasikia anapiga teke ndoo tupu, ndoo ikabingirika uani, ikatulia. Mama alikuwa amejifunika uso kwa mikono yake iliyosinyaa. Bibi alibaki amesimama. Hakuna aliyemwambia akae, na yeye hakuona kama anastahili kiti.

Ni nesi aliyemsogezea.

"Kaa, bibi. Nakushukuru."

"Unanishukuru nini, mwanangu? Usinifanyie adabu."

"Si adabu. Umenizuia nisifanye kosa kubwa. Ningemwongezea dozi mtoto kwa kufuata chupa inayosema uongo. Tena si wewe wa kwanza. Nimekuta dawa hii imefichwa ndani ya mto, nimeikuta imefukiwa kwenye pipa la unga. Kosa ni langu pia, nilichora mistari nikasahau kueleza." Akamgeukia vizuri. "Nani alikwambia ni dawa ya kuagia?"

Bibi akashtuka. "Umejuaje?"

"Lazima kuna mtu. Huwa yupo, kwenye benchi."

Bibi karibu acheke, akajizuia.

"Sikiliza. Hii haimwondoi mtu. Inaondoa maumivu, mtu anabaki. Na haina akiba kwa sababu haina mwisho. Ikipungua naleta nyingine. Siku ikichacha, tunaongeza. Ikichacha zaidi, tunaongeza tena. Hutafika siku ukaniambia nesi, dawa imefika kikomo. Umenielewa? Hakuna siku ya kuiwekea."

Maneno haya yalimwingia bibi polepole. Miaka sabini na moja hakuwahi kuambiwa juu ya kitu chochote kwamba hakina haja ya kukatwa nusu.

Baba alirudi. Alikuwa amenawa uso, maji yanamtiririka shingoni. Akakaa, hakumtazama mama yake, lakini akakaa upande wake wa meza.

Nesi akasema, "Karatasi ina mpaka Ijumaa. Leo Jumatatu. Naomba siku mbili tu. Dozi nzima, bila kuongeza, kama ilivyoandikwa. Atalala sana mwanzoni, msiogope, ana deni la usingizi. Na hii nyingine ya kulegeza choo msiisahau, mofini hufunga tumbo. Jumatano narudi, tunaongea tena, na safari hii tunaongea naye."

"Naye nani?" mama akauliza.

"Mwenye tumbo."

"Hajui chochote," baba akasema. "Tumemficha."

Mama akashusha mikono usoni. "Anajua," akasema kwa sauti ndogo. "Aliniambia wiki iliyopita hataki kurudi kwenye dripu. Nikamwambia anyamaze asije akamvunja moyo baba yake. Na mimi nilikuwa nimeficha kitu, basi. Si mama peke yake."

Baba akawatazama wanawake wawili kwa zamu, kisha akairudisha karatasi mfukoni. Chupa ya pili nesi aliifunga kwenye mfuko, akaondoka nayo.

Jioni ile saa kumi na mbili bibi alivuta bomba likajaa. Hakwenda dirishani. Alikaa kitandani uso kwa uso na mjukuu wake, akampa yote, tone la mwisho likiwemo.

Mkaguzi alilala. Jumanne akaamshwa kwa dawa, akanywa, akalala. Bibi alikaa kando ya kitanda anahesabu pumzi zake, na kila ilipochelewa moja, moyo wake nao ulichelewa. Alasiri mtoto alijinyoosha. Miguu, iliyokuwa imejikunja wiki nzima, ikateremka taratibu mpaka ikagusa ubao wa mwisho wa kitanda. Bibi hakuwahi kuona kitu kizuri kama miguu ile miwili iliyonyooka.

Jumatano asubuhi alipoingia na chai, alimkuta amekaa.

"Bibi, mbona kabati liko wazi?"

"Nimeondoa kufuli."

"Limepotea?"

"Limestaafu."

Mkaguzi alilikagua kabati kwa mbali, kopo kwa kopo. Akanywa chai nusu kikombe, akala mkate, akaomba mwingine. Bibi akaweka sinia chini. Aliona akichelewa tena maneno yatageuka.

"Mke mwenza, nina kosa la kukuambia. Dawa yako nilikuwa nakukata. Nakupa nusu, nusu naiweka."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ulikuwa unageuka dirishani. Kioo si kinaonyesha?"

"Mbona hukusema, mtoto wewe? Mbona uliumwa ukanyamaza?"

Mkaguzi alimshangaa kidogo, kama anayeulizwa jambo lililo wazi. "Nilidhani na wewe unaumwa. Goti lako. Nikafikiri unakunywa hiyo nusu, tunagawana." Akachukua kipande kingine cha mkate. "Si wewe mke mwenzangu?"

Bibi aliinama akajifanya anaokota makombo chini. Aliokota muda mrefu sana, na makombo yenyewe hayakuwepo.

Mchana nesi alikuja, wakakaa wote chumbani. Baba alikuwa wa mwisho kuingia. Alipomwona mwanawe ameegemea mto, macho maangavu, anamkagua nesi kama amefuta viatu, alishika mlango.

"Baba, umeshtuka nini? Ni mimi."

"Nakuona," akasema. "Nakuona, mama."

Nesi alivuta kigoda akakaa chini kuliko kitanda. "Mkaguzi, leo kikao ni chako. Una swali?"

"Nikienda kwenye dripu, nitapona?"

Mama akamshika bibi mkono. Nesi hakuangalia pembeni.

"Daktari haamini hivyo. Na mimi siamini."

"Na nikibaki?"

"Ukibaki pia uvimbe hautaondoka. Siku moja utakushinda nguvu. Lakini maumivu tutayashika kama tulivyoyashika jana, na utakuwa nyumbani."

Mtoto alifikiri. Hakulia. Waliolia ni wengine, kila mmoja kwa mtindo wake wa kuficha.

"Baba," akasema, "bati likishakuwa jembamba, ukizidi kulichomelea inakuwaje?"

Swali lilikuwa la kazi ya baba, na kwenye kazi yake hakuwahi kusema uongo.

"Linatoboka."

"Basi mimi nimekuwa jembamba."

Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mguu wa mwanawe kupitia shuka. "Mimi nataka upone," akasema. "Ndiyo nilichokitaka. Sasa wewe unataka nini? Sema nikusikie."

"Kengele."

Hawakuelewa, isipokuwa mama. Kabla ya kuugua, Mkaguzi alikuwa amechaguliwa kuwa mpiga kengele wa shule. Kengele ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye nguzo, na nyundo yake ilitoka karakana kwa baba. Alichaguliwa Alhamisi. Jumatatu iliyofuata, siku ya kuanza zamu, alipelekwa hospitali. Hakuwahi kuipiga hata mara moja.

"Nataka ya saa nne," akasema. "Ya mapumziko. Ya asubuhi watu wanaichukia."

"Saa nne ndiyo saa ya dawa," bibi akasema.

"Ndiyo maana. Nakunywa kwanza, halafu napiga. Nimeshapanga."

Nesi akamtazama baba. Baba alitoa ile karatasi mfukoni. Aliisoma tena yote, kuanzia juu hadi mstari wa sahihi, kama mtu anayemuaga mgeni mpaka njia panda. Kisha akaikunja mara nne, akapiga goti, akaisukuma chini ya ule mguu mfupi wa kabati. Akalitikisa kabati. Halikucheza.

"Nampigia daktari," akasema akiwa bado chini. "Kitanda wampe mwingine."

Hapo ndipo alipogeuka, akamtazama mama yake kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu. "Mama, kabati lako limepona."

"Limechelewa," bibi akasema, "lakini limepona."

Alhamisi karakana haikupokea kazi ya mtu. Baba alichukua kiti cha mbao akakifungia magurudumu manne ya mkokoteni wa mtoto, akaweka mkono wa kusukumia na kibao cha kuegemeza miguu. Nyundo ya zamani ilikuwa nzito, akatengeneza nyingine kwa bomba jembamba, kichwa chake kidogo kama yai. Mama alifua sare ya shule, akaipiga pasi na kuitia wanga mpaka ikasimama yenyewe. Ilikuwa kubwa sasa. Bibi akaipunguza kiunoni, na vifungo akavitoa kabatini.

Ijumaa, ile ile ya kitanda, walitoka saa tatu na nusu. Baba anasukuma, mama ameshika mwavuli, bibi anatembea pembeni na chupa mkononi. Hakuificha chini ya khanga. Mkaguzi alikagua njia nzima: nani amehamisha uzio, nani hajazibua mtaro.

Mwalimu mkuu aliwapokea getini. Alikuwa mtu mrefu mwenye saa kubwa ya mkononi aliyoiamini kuliko macho yake. Akamwonyesha mpiga kengele sehemu ya kukaa, chini ya reli, akamweleza: "Saa nne kamili nitainua mkono. Mapigo sita. Sawa?"

"Sawa, mwalimu."

Mwalimu akaenda kusimama kwenye baraza ya ofisi, macho kwenye saa. Madarasani kulikuwa na ile sauti ya watoto wengi wanaojibu pamoja.

Bibi akavuta bomba. Likajaa. Akampa mjukuu wake yote.

"Hujaniachia," akasema.

"Goti lako tafuta la kwako," Mkaguzi akamjibu, akakunja uso kwa uchungu wa dawa, akainua nyundo.

Mwalimu hakuwa ameinua mkono. Hakuwa hata ameanza. Nyundo ilitua kwenye reli, na sauti ikatoka kubwa kuliko mtoto, kubwa kuliko shule, ikapanda juu ya mapaa ikaenda zake mjini. Mara ya pili. Ya tatu. Madirisha yakajaa vichwa. Ya nne, ya tano. Milango ikafunguka yote kwa pamoja, watoto wakamwagika uwanjani kama maharage kutoka kwenye gunia lililokatwa, wakikimbilia kila upande, kisha wakaona aliye chini ya reli, na wote wakageukia kwake. Ya sita. Akatulia kidogo, akapima. Akaongeza ya saba.

Mwalimu mkuu alifika anahema, kidole kwenye saa.

"Mkaguzi. Bado dakika kumi na mbili."

Mtoto alimwangalia, akaikagua saa yake, akamrudishia mkono wake kwa upole.

"Saa yako inachelewa, mwalimu."

Mwalimu akawatazama wazazi. Fundi alikuwa anacheka, machozi yanamtoka bila kuyafuta, na mkewe amemshika mkono wa shati. Mwalimu akaitazama saa tena. Kisha, mbele ya shule nzima, akauzungusha ufunguo wake mdogo, akaisogeza mbele dakika kumi na mbili.

Mkaguzi alipiga kengele asubuhi kumi na tisa, ukiondoa Jumamosi na Jumapili, alizozilalamikia. Zamu zilizofuata alipochoka, aliletewa nyundo kitandani, akahesabu mapigo ya mpigaji mwingine kwa kidole juu ya shuka na kutoa kasoro. Hakuumwa tena kama alivyoumwa siku zile kumi na moja. Siku ilipochacha, waliongeza. Ilipochacha zaidi, wakaongeza tena, na nesi alisema kweli, haikufika kikomo, hata siku Mkaguzi alipolala asiamke.

Bibi kabati lake hakulifunga tena. Na hadi leo, kengele ya shule ile ikilia saa nne, dakika kumi na mbili kabla ya saa za watu wengine, huacha alichokishika, akakaa wima, akaisikiliza yote, mpaka pigo la saba.